Juu ya nini mtoto mwenye weupe jichoni hapashwi kungojea



Labda mmekwisha kusikia katika vijiji vyetu, upande wa Kabambare ao hapa Kasongo, watu wakisema juu ya mtoto aliyezaliwa na weupe katikati ya mboni: «Akomae kwanza, ndipo tumpeleke kwa munganga.» Neno hili lina huruma ndani yake, lakini linaharibu.

Weupe huo mara nyingi ni katarakte, ni kusema lenzi ya jicho imekuwa kama ukungu. Mzee mwenye katarakte anaweza kungoja mwaka mzima. Akiisha kupasuliwa, anaona tena. Mtoto mchanga si hivyo, na sababu haiko ndani ya jicho, iko ndani ya ubongo.

Jicho linapokea nuru tu. Kuona ni kazi ya ubongo, na ubongo wa mtoto bado unapanga nyuzi zake. Nuru yenyewe ndiyo inazipanga. Katika 1963 wanachuo wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, walionyesha ginsi paka mchanga aliyefungwa jicho moja kwa miezi 2 ao 3 alikuwa kipofu wa jicho lile, hata lilipofunguliwa. Jicho lilikuwa zima! Lakini selula za ubongo zilikuwa zimeshikwa na jicho lingine. Paka mkubwa, yeye hakupata hasara. Walipewa tuzo ya Nobel katika 1981.

Sasa wale wa kemia-biolojia wasikilize vizuri. Nuru ikigusa jicho, umeme mdogo unapita katika neva mpaka mwisho wa uzi, na pale glutamati inamwagika. Inafika kwenye mlango wa selula ya pili, unaoitwa NMDA. Mlango huo una kizibo cha magnesiamu. Glutamati peke yake haiwezi kukitoa. Selula ya pili nayo inapashwa kuwa imekwisha kuamka kwa umeme wake. Basi mlango unafunguka tu kama pande zote mbili zinafanya kazi pamoja, na kalsiamu inaingia. Ikiingia kwa nguvu, selula inaongeza milango mingine ya glutamati, na kifungo kinakuwa imara. Ikiingia kidogo kidogo, milango inaondolewa. Habari inafika hata katika kiini: proteini moja, CREB, inaamsha jeni, na jeni zinaagiza proteini mpya, kama BDNF inayolisha nyuzi. Fikirini tu: nuru ya inje inafika mpaka kwenye jeni!

Kisha wakati unapita. Selula fulani zinajengewa wavu mgumu kuzizunguka, na nyuzi hazibadiliki tena kwa urahisi. Katika 2002 watafiti wa Italia waliuvunja wavu huo kwa enzimu ndani ya ubongo wa panya wakubwa, na ubongo wao ukaanza kubadilika tena. Kwa watu dawa ya namna hii haijakuwako. (Masikio nayo yana wakati wao: mtoto anayesikia Kibangubangu nyumbani, mbele ya kutimiza mwaka 1 masikio yake yamekwisha kuchagua sauti za kwao.)

Kwa hiyo waganga wanataka mtoto aliyezaliwa na katarakte nzito apasuliwe katika majuma 6 hadi 10 ya kwanza. Kule Moshi, Tanzania, waganga wa hospitali ya KCMC waliandika katika 2005 kwamba watoto wengi wanaletwa wamechelewa sana. Hata hivyo aliyechelewa asiachwe nyumbani: huko India, katika mradi wa Prakash wa Pawan Sinha, watoto wakubwa waliopasuliwa walijifunza kuona kwa sehemu, ingawa si kwa ukali wa macho ya wengine.

Mboni ya mtoto mchanga inapashwa kuwa nyeusi. Ikiwa nyeupe, safari ya munganga ni juma lile lile. Na akiisha kupasuliwa atahitaji miwani, hata kama angali anabebwa mgongoni, maana bila miwani nuru inafika ikiwa imevurugika, na ubongo haupati cha kupanga.