Kazi ya Kuhudumia Watu Viwanjani na Kumbini: Vijana wa Miyuji Wanakutana na Nini?

Kamati za sharika zinapotuletea majina ya vijana wa kujifunza "kazi za hoteli", mara nyingi huwa zinafikiria hoteli yenye vyumba na mapokezi. Kwa hapa Dodoma, kijana wa Miyuji huenda akaanzia mahali pengine kabisa: uwanja wa mpira, ukumbi wa mikutano au ukumbi wa harusi. Ni kazi ya aina yake, na tumeona vyema tuieleze kabla ya majina mengine kuletwa.

Nafasi hizi zimeongezeka kwa sababu zinazojulikana. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na tarehe 26 Aprili 2018, kwenye sherehe za Muungano katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mwaka 2020 timu ya Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu. Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, hujaza kumbi na migahawa. Sasa vijana wanazungumzia Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kuandaa kwa mwaka 2027.

Siku ya mechi yenyewe inakwendaje? Mpira ukianza saa kumi jioni, mhudumu hufika saa tatu asubuhi. Anashusha kreti, anapanga maji na soda kwenye barafu, anafuta viti vya jukwaa kuu, kisha anahesabiwa vinywaji na kusaini. Mageti yakifunguliwa ni mbio. Mapumziko ya dakika 15 ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote: watu wengi wanataka maji kwa wakati mmoja, chenji haitoshi, na anayelipa kwa simu anaonyesha ujumbe ambao mhudumu hana nafasi ya kuuhakiki. Hasara nyingi hutokea hapo. Mashabiki wakishaondoka, yeye anabaki kuhesabu chupa, na zikipungua, upungufu unakatwa kwenye ujira wake. Tumekutana na vijana waliorudi nyumbani mikono mitupu baada ya kusimama kutwa nzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu jambo hilo lifanyike kiholela. Mwajiri anayetaka kufidia hasara hana budi kuonyesha kwamba mfanyakazi ndiye aliyekosea, ampe nafasi ya kujieleza, amwandikie kiasi anachodaiwa, na makato yasizidi robo ya ujira. Sheria hiyo pia inadai nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Harusi nyingi huishia ndani ya saa hizo, lakini ni wahudumu wachache wanaojua kwamba nyongeza hiyo ni haki yao. Mwenye dai anaweza kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60 kwa madai ya aina hii. Kipo pia chama cha wafanyakazi wa sekta hii, CHODAWU, ingawa kibarua wa siku moja ni vigumu kumfikia.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni siku zilizo katikati. Ligi Kuu ina timu 16, maana yake timu hucheza nyumbani mechi 15 tu za ligi kwa msimu mzima. Simba au Yanga wakija uwanja hujaa, siku nyingine huitwa wahudumu wachache. Bunge likiahirishwa, kumbi nazo hutulia. Kwa hiyo kijana anayetegemea matukio peke yake hana mshahara, ana bahati. Wanaodumu ni wale wenye shughuli ya pili: kupika vitafunwa vya kuuza, kukodisha viti na vyombo, au kupokea oda za chakula cha vikao. Ndiyo maana tunasisitiza upishi na hesabu za biashara, siyo kubeba sinia peke yake.

Wazee wa kanisa wameuliza kuhusu pombe. Ni kweli, kumbi nyingi zinaiuza. Uamuzi huo tunamwachia kijana na wazazi wake, ila aliye chini ya miaka 18 hatumpeleki kabisa. Linalotusumbua zaidi ni wasichana kuambiwa "wachangamkie wateja" na kunyamaza wanaposhikwashikwa. Sheria ile ile inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi, kwa hiyo msichana anayekataa hajavunja masharti ya kazi.

Kamati zinazopendekeza vijana zinaombwa kuandika kwenye fomu mtaa anaokaa kijana na jinsi atakavyorudi usiku. Kazi ikiisha saa saba, daladala za Miyuji zimekwisha kulala, na bodaboda ya usiku inaweza kumeza sehemu kubwa ya ujira. Wafadhili waliotuuliza kwa nini bajeti ya mafunzo ina kifungu cha nauli, jibu ni hilo: wakati wa mazoezi ya kazi tunakodi gari moja linalowarudisha wote, na msichana wa mwisho hushushwa mlangoni kwao.