Bustani ya Uani na Majamvi ya Karafuu



Katika kurasa hizi tumekwisha andika mengi juu ya mkarafuu: nafasi ya kupandia, kupalilia, kuchuma bila ya kuvunja matawi, na namna ya kuanika. Mara hii naomba ruhusa yenu niseme juu ya kile kiwanja kidogo kilicho baina ya jiko na ugo, penye mchicha, rihani, mchaichai na asumini. Wengi wetu hatupatazami mahali hapo ila siku ile tunapotafuta pa kutandika majamvi.

Nimelichagua jambo hili kwa kuwa kila karafuu zinapoiva hutokea ugomvi mdogo katika nyumba nyingi. Bwana ameleta magunia ya karafuu mbichi, jua limetoka baada ya siku mbili za mawingu, na kiwanja hakitoshi. Basi husema, "Ng'oeni vijani hivyo, tutapanda vingine." Mama watoto hunyamaza, maana karafuu ni fedha na fedha ndiyo ada ya skuli. Lakini jioni yake humtuma mtoto gengeni akalete tungule tatu na pilipili, na kesho yake tena, na kesho kutwa, mpaka ule mwezi wote ukaisha.

Sisemi ya kuwa mchicha utaezeka nyumba bati. Mwenye kuzitaka fedha za bati na aitunze mikarafuu yake. Ninalolisema ni hili: mkarafuu una desturi yake. Ukizaa sana mwaka huu, aghalabu mwaka ujao hupumzika, na pengine hupumzika miaka miwili. Katika miaka hiyo ya kupumzika ndipo daftari la dukani linapojaa, na lililojaa humo si mchele na sukari peke yake. Mna vitunguu, tungule, bizari, ndimu, vitu ambavyo mtu angaliweza kuviinamia nyuma ya jiko lake. Kisha mwenye deni hujikuta anauza karafuu zikingali changa mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Nanyi mwajua ni wangapi miongoni mwetu wamepitia njia hiyo. Mwenye shaka na achukue daftari la skuli la mwanawe, aandike kwa siku 30 kila kitu cha kitoweo kinachonunuliwa nyumbani ambacho kingeweza kuota uani. Asiseme neno kwa mtu. Aandike tu, kisha ajumlishe.

Mkarafuu wenyewe ni mgeni kwetu. Uliletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na asili yake ni visiwa vya Maluku, huko mashariki. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaing'oa mikarafuu mingi mno, na mashamba yaliyosimama siku ya pili yakawa machache. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku kwetu. Hatukusalimika kwa ubora wetu. Upepo tu ulipita mbali. Natosheka kuikumbusha tarehe hiyo, niendelee na bustani.

Wazee wetu walihesabu miongo kutoka Nairuzi, siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walijua lini pa kulima na lini pa kupanda. Hawakuitumia miezi ya Kiislamu kwa kilimo, kwani miezi hiyo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka ikazunguka majira yote. Ramadhani huiona masika na huiona kaskazi. Mwenye bustani ya uani naye yamfaa aufuate upepo na mvua.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ni majira ya kupanda vitu vya kudumu. Gawa shina la mchaichai uliozeeka, panda vikonyo vya asumini na waridi, chomeka matembele na muhogo wa kisamvu. Ndiyo siku za tangawizi na manjano pia. Fukia vipande vyenye macho katika udongo laini wenye samadi, kisha usivishughulikie ila kwa kupalilia, mpaka majani yakauke yenyewe baada ya miezi minane hata kumi. Tangawizi, kwa wasiokumbuka, imetajwa katika Suratul-Insan, nayo rihani imetajwa katika Suratur-Rahman na Suratul-Waqia. Matuta ya masika yawe ya kuinuka, maji yapate kutoka. Wala msihangaike kupanda tungule wakati huo. Mvua nyingi huleta maradhi ya majani na mnyauko, na mtu hubaki akiwalaumu jirani zake kwa husuda, na kosa ni la majira.

Tungule wakati wake ni kipupwe. Sia mbegu kitaluni katikati ya Mei, chini ya kivuli cha makuti yaliyotandazwa mbalimbali. Miche ikipata kama wiki nne ihamishe, uichomekee vijiti, na mwezi wa Agosti utakuwa unachuma. Hayo ndiyo majira bora kabisa ya bustani. Jua si kali, kusi lavuma, mchoo huteremka kidogo ukaondoa haja ya kuchota maji kila siku. Kotmiri, ambayo katika joto hukimbilia kutoa maua kabla hujaifaidi, hukaa vizuri mwezi wa Juni na Julai. Mbegu yake ivunjwe kwa kusuguliwa iwe vipande viwili, ilowekwe usiku mmoja, isiwe pale pale itakapokulia kwani haipendi kuhamishwa. Tena usisie yote siku moja. Sia mstari mmoja kila baada ya wiki mbili, upate kuchuma mfululizo. Bilingani, nanaa na pilipili hustawi vile vile.

Lakini kipupwe hicho hicho ndicho kiletacho karafuu za mwaka, baina ya Julai na Septemba, ijapokuwa mwaka haufanani na mwaka. Hapo ndipo majamvi na matuta yanapogombania ardhi moja. Nami naona ugomvi huu hauna lazima, kwani vitu viwili hivi havitaki mahali pamoja. Karafuu yataka jua kamili tangu asubuhi mpaka alasiri, pakavu, mbali na vumbi na majani yanayoanguka. Jani la mchicha likichanganyika na karafuu ni uchafu, na uchafu hushusha daraja siku ya kuuza. Mchicha, kotmiri, nanaa, tangawizi na manjano hustahimili kivuli cha nusu siku, na nyingine hukipenda. Basi mwezi wa Machi, kabla ya jembe kugusa ardhi, bwana na bibi wa nyumba wasimame uani pamoja. Majamvi yatandikwe yote, kama kwamba karafuu zimefika. Pawekwe vijiti katika pembe. Nje ya vijiti, upande wa mfenesi au mpapai na kando ya jiko, pawe pa bustani, wala pasiguswe hata mavuno yakiwa makubwa namna gani. Mavuno yakizidi majamvi, yaazimwe majamvi ya jirani na kiwanja chake. Jambo hilo tumelizoea tangu zamani.

Kuna na faida nyingine ambayo mwenye shamba haihesabu. Wachumaji hulipwa kwa pishi au kwa kilo, walakini hula kwa sufuria. Mchicha huchumika wiki tatu au nne baada ya kusiwa. Mwenye kuikagua mikarafuu yake na kuona makonyo yameanza kuwa mekundu, na asie matuta mawili ya mchicha siku ile ile. Uchumaji ukishika kasi, atakuwa na mboga ya nazi ya kuwapikia watu bila ya kutoa shilingi. Wachumaji huzungumza. Wajua nyumba ipi yapika vizuri, na katika mwaka wa mavuno mengi, watu wanapokuwa adimu, huenda kwanza huko.

Neno juu ya makonyo yenyewe, kwa kuwa nimeona watu wakiyamwaga matutani kama mbolea. Msifanye hivyo. Mafuta ya karafuu ni makali hata hutumika katika nchi nyingine kuua magugu, na miche michanga haiyawezi. Tena makonyo yana thamani. Hupelekwa kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yakakamuliwa mafuta. Mbolea ya bustani ni samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza sawasawa, na majivu kidogo.

Sasa nije kwenye maua, ambayo baadhi ya mabwana huniambia hayaliwi. Kweli hayaliwi. Lakini mwenye binti wa kuoza na aende sokoni akaulize bei ya asumini siku ya harusi, ndipo atarudi tuzungumze. Shina moja la asumini lililopandwa penye ugo, likapogolewa baada ya kila mlipuko wa maua, hutoa vitumba vya kutosha nyumba na jirani. Huchumwa alasiri, vikiwa bado vimefumba, kwani hufumbua magharibi, na harufu yake njema ni ya usiku. Rihani iwe karibu na mlango. Ikianza kutoa vishada vya maua vikatwe ncha, la sivyo hukomaa ikawa miti mitupu. Na kikuba chetu, kile cha rihani, asumini, waridi na kilua akikipata mtu, hakina duka linalokiuza kikanukia kama kile kilichofungwa na mikono ya nyumbani kwa maua ya siku ile. Mimi naona mwanamke aliyepika siku nzima kwa ajili ya wachumaji ana haki ya futi sita za ardhi kwa ajili ya asumini yake, bila ya kuulizwa zinazaa nini. Kivumbasi nacho kisisahauliwe. Majani yake yakifukizwa jioni hufukuza mbu.

Vuli sitaikalia sana. Mvua zake, kuanzia Oktoba mpaka Disemba, ni za kunde, maboga na bamia, na mchicha mara ya pili. Karafuu za vuli huanza Novemba na mvua huzikimbiza majamvini, basi mikono ya nyumba yote huwa huko. Panda vitu visivyotaka kuangaliwa kila saa. Bamia ni rafiki wa mtu mwenye shughuli, ila yataka kuchumwa kila siku mbili, la sivyo huwa ngumu kama kamba.

Kisha huja kaskazi na jua la Januari na Februari. Visima hushuka. Wengi huiacha bustani ife, na hapo tena daftari la dukani hufunguka. Si lazima ife yote. Matuta ya kuinuka yasawazishwe, mashina yaliyobaki yawekwe katika vishimo, maji yapate kutulia shinani. Juu patandazwe nyasi kavu au makuti yaliyochakaa. Maji ya udhu yanafaa, na maji ya kuoshea mchele na samaki ni mazuri zaidi. Yenye sabuni nyingi yamwagwe kwingine. Kwa nyumba yenye watu saba wanaosali sala tano, udhu peke yake hunywesha mipilipili na shina la ndimu, pakiwapo beseni la kuyakinga. Kisamvu na majani ya mronge hayajali jua. Mchaichai ukatwe kiasi cha shibiri moja juu ya ardhi, nao utachipua tena. Chai yake hutosha ijapokuwa majani ya chai yamekwisha.

Wadudu wakitokea, twanga majani ya mwarubaini, loweka usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Kwa kuku hakuna dawa ila ugo.

Mwisho ni mbegu. Kila mwenye bustani aache mashina mawili matatu mazuri yakomae, si yale mabovu yaliyobaki. Bamia ikaukie mtini, mchicha upukutwe juu ya ungo, kotmiri ivunwe ikigeuka rangi ya kahawia. Zianikwe kivulini, zitiwe chupani pamoja na majivu makavu, chupa ifungwe, liandikwe jina na mwezi. Ofisi ya chama itaweka sanduku la mbegu karibu na mizani. Aliye na ziada alete fungu lililofungwa karatasini. Aliye na haja achukue. Kwa sasa tunahitaji zaidi mbegu za kotmiri, na vikonyo vya waridi lile la zamani la rangi ya pinki lenye harufu, ambalo limekuwa adimu katika vijiji vingi. Vikonyo vifungwe kitambaa kibichi na viletwe asubuhi.

Katibu