Walinyang'anywa Vyote, Ikabaki Elimu ya Kifuani

Watoto wetu wengi hudhani kuwa historia ya Marekani ilianza na merikebu za Wazungu, na kwamba Uislamu ulifika huko juzi tu pamoja na wanafunzi na wahamiaji. Yote mawili si sahihi. Ardhi ile ilikuwa na mataifa yake kwa maelfu ya miaka, yenye miji, mashamba ya mahindi na mabaraza ya wazee, kabla Waingereza hawajaweka makazi Jamestown mwaka 1607. Mwaka 1619, katika pwani hiyo hiyo ya Virginia, Waafrika ishirini na kitu walishushwa melini wakabadilishwa kwa chakula. Tangu hapo hadi Desemba 1865, Katiba ilipopiga marufuku utumwa, ardhi iliyoporwa kwa wenyeji ililimwa na watu walioporwa kwao. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi wa Afrika Magharibi. Wiki hii tunawakumbuka wanne, kwa kuwa habari zao zinagusa malezi ya nyumba zetu.

Wa kwanza ni Ayuba bin Suleiman Diallo wa Bundu, katika nchi ya leo ya Senegal. Baba yake alikuwa imamu, naye aliihifadhi Qur'ani Tukufu akiwa kijana mdogo. Mwaka 1731 alijikuta katika mashamba ya tumbaku ya Maryland. Alipojitenga kichakani kuswali, mtoto wa Kizungu alimfuata, akamdhihaki na kumrushia uchafu usoni. Alitoroka, akakamatwa na kutiwa gerezani. Kilichomwokoa ni barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu. Haikumfikia mzee, bali ilifika mikononi mwa Waingereza wakubwa, wakashangazwa na elimu ya mwandishi wake. Alipelekwa London mwaka 1733, na huko akaandika nakala tatu za Qur'ani kutoka kichwani. Mwaka uliofuata alirejea Afrika akiwa huru.

Uadilifu unatulazimu kuongeza jambo moja. Siku alipotekwa, Ayuba alikuwa safarini kwa amri ya baba yake, kwenda kununua karatasi na kuuza watu wawili. Aliyekwenda kuuza akauzwa. Nasi wa pwani hii tusilifumbie macho hilo, maana soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na miongoni mwa wafanyabiashara wake walikuwamo waumini. Surat al-Balad inahesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni kupanda njia nzito ya mlimani. Wengi waliisoma sura hiyo, wachache wakaipanda njia hiyo.

Wa pili ni Abdulrahman Ibrahima, mtoto wa mtawala wa Futa Jallon, aliyetekwa vitani mwaka 1788 na kuuzwa Natchez, Mississippi. Mji huo umebeba jina la taifa la wenyeji ambalo Wafaransa walilivunja baada ya vita vya mwaka 1729, na wengi wao wakauzwa utumwani katika visiwa vya Karibi. Hapo ndipo Abdulrahman alipotumika miaka 40. Barua yake ya Kiarabu ndiyo iliyofungua mlango wa uhuru wake mwaka 1828. Lakini watoto wake walibaki utumwani, akazunguka miji ya kaskazini akichangisha fedha za kuwakomboa. Alifika Liberia mwaka 1829, akafariki miezi michache baadaye bila kuwaona wanawe wala mji wake wa Timbo.

Wa tatu ni Umar bin Said wa Futa Toro, aliyeeleza kuwa alitafuta elimu kwa miaka 25. Alifikishwa Charleston mwaka 1807. Alimtoroka bwana katili, akafungwa gerezani huko North Carolina, na inasimuliwa kuwa alijaza kuta kwa maandishi ya Kiarabu akitumia makaa. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake. Kabla ya kusema neno juu yake mwenyewe, alianza na Surat al-Mulk, sura inayotangaza kuwa ufalme wote ni wa Mwenyezi Mungu. Kwa mtu ambaye sheria ya nchi ilimhesabu kuwa mali ya mwingine, huo haukuwa mwanzo wa kubahatisha. Mabwana zake walijivunia kuwa amebatizwa, na wanazuoni wangali wakijadili yaliyokuwamo moyoni mwake. Yeye mwenyewe alilalamika kuwa amesahau sehemu kubwa ya lugha yake na ya Kiarabu. Alifariki akiwa bado mtumwa.

Wa nne ni Bilali Muhammad wa kisiwa cha Sapelo, Georgia. Aliacha kijitabu cha kurasa 13 ambacho kwa miaka mingi watu walidhani ni kumbukumbu za shamba. Kilipochunguzwa na wajuzi, kilionekana kuwa ni masomo ya fiqhi ya Kimaliki juu ya udhu, adhana na swala, kutoka katika Risala ya Ibn Abi Zayd wa Kairouan. Bila kitabu cha kunakili, mzee huyu alikuwa akiandika darsa la utotoni mwake. Mabinti zake aliwapa majina kama Fatima, Medina na Bintu.

Hapa ndipo penye uchungu. Katika miaka ya 1930, vizazi vya Bilali walipoulizwa, walikumbuka wazee wakisali jua lichomozapo na lizamapo, wakivuta tasbihi. Walikumbuka pia bibi akigawa mikate ya mchele iliyoitwa "saraka". Sisi tunalijua neno hilo: ni sadaka. Ladha ilibaki, jina likabaki, lakini maana ilikuwa imepotea.

Basi tunajifunza mambo mawili. Elimu iliyotiwa kifuani mwa mtoto haiporwi, hata akiporwa yeye mwenyewe. Lakini elimu hiyo hairithiwi kama shamba. Kila kizazi sharti kifundishwe upya, na utumwa ulivunja nyumba ambazo zingefundisha. Sisi hatujavunjiwa nyumba. Hakuna anayetuuza, wala anayewarushia uchafu wanetu wakiswali. Iwapo wajukuu wetu watabaki na pilau ya Idi bila kuijua Idi yenyewe, tutamlaumu nani?

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wale, na atujaalie tuwe walimu wa kwanza wa watoto wetu. Amin.