Sungusungu: Ulinzi wa Kijiji na Siasa Yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na wilaya jirani nchini Tanzania walianzisha sungusungu, yaani jeshi la jadi la kulinda kijiji, kwa sababu wizi wa ng'ombe ulikuwa umekithiri, bunduki zilikuwa zimezagaa baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, na polisi walikuwa wachache tena mbali. Wizi unapotokea, mwenye boma hupiga mwano, ambao ni yowe la kuomba msaada linalopokelewa kijiji hadi kijiji, na wanaume hutakiwa kutoka na pinde na mishale kufuata nyayo za mifugo. Asiyetoka hutozwa faini, na mkaidi hutengwa, asisalimiwe, asipewe moto wala asipate wa kumsaidia kuzika, adhabu ambayo kwa wengi ni nzito kuliko jela.

Kinachovutia zaidi ni siasa yake, kwani kiongozi aliitwa mtemi, cheo cha machifu waliokwisha kuondolewa madaraka na serikali mwaka 1963, ilhali pembeni yake alikaa katibu na daftari lake, kama katika ofisi ya chama. Mwalimu Nyerere, rais wa wakati huo, aliliunga mkono jeshi hilo, na sheria ya mwaka 1989 ikalitambua pamoja na mgambo. Hata hivyo watuhumiwa walipigwa, wengine hadi kufa, na vikongwe walioshukiwa uchawi, pengine kwa macho mekundu tu yatokanayo na moshi wa samadi ya kupikia, walifukuzwa vijijini.