Leza ya Eksirei: Kweli au Uzushi?

Ukitaja leza na eksirei kwa pamoja, hukosi wa kukusimulia habari za vita vya angani. Bila shaka nawe umezisikia. Tuzichuje moja moja. Leza tunayoizungumzia ni ile inayozaliwa ndani ya plazma, yaani gesi iliyochemka hadi atomi zake zikapoteza elektroni.

"Ni silaha."
UZUSHI, ingawa una mzizi. Miaka ya 1980 Marekani ilijaribu kutengeneza leza ya eksirei inayopewa nguvu na bomu la nyuklia, itungue makombora. Silaha haikupatikana. Leza iliyofanikiwa ni ya maabara: mwaka 1984, huko Livermore, California, watafiti waliupiga utando mwembamba wa seleni kwa leza kubwa. Utando ukageuka plazma, plazma ikatoa mwali wa leza wa takriban nanomita 21.

"Karibuni tutapigwa nayo picha za kifua."
SI KWELI. Eksirei za hospitali hupenya mwili kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi mno. Za leza hii ni laini. Hata hewa huzimeza, ndiyo maana hutumika ndani ya ombwe.

"Mtambo wake lazima ujaze jumba."
SI KWELI tena. Mwaka 1994 Jorge Rocca na wenzake wa Colorado State University walipitisha umeme mkali kwenye mrija mwembamba wenye gesi ya agoni. Umeme uliibana gesi ikawa uzi wa plazma, ukatoka mwali wa nanomita 46.9. Mtambo wa aina hiyo hutosha mezani.

"Wimbi fupi huonyesha vitu vidogo zaidi."
KWELI. Mwanga tunaouona huanzia nanomita 400 hivi, na kilicho kidogo mno kuliko wimbi lake hutoka ukungu mtupu. Mwaka 1992 watafiti wa Livermore walichapisha picha za viini vya mbegu za panya dume, zilizopigwa kwa leza ya nanomita 4.48.

"Dawa ya moto ni moto."
KWELI, na wahenga wapewe haki yao: leza iliyozaliwa ndani ya plazma hutumika kuichunguza plazma. Plazma nzito huupinda au huurudisha mwanga wa kawaida. Mwali wa eksirei hupita. Basi mwali hugawanywa: nusu hupita ndani ya plazma, nusu pembeni. Zikikutana huchora mistari, na mtafiti akiisoma ilivyopinda, hujua elektroni zimesongamana kiasi gani.