Kandanda ya Bure na Jina la Visiwa Vyetu

Ni desturi ya safu hii kuzungumzia bei ya karafuu, maji, bandari na skuli, na huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kutuona leo tukiingia katika mchezo wa kompyuta. Hatuoni haya kufanya hivyo. Jambo lenyewe ni dogo kwa sura, lakini ndani yake mna suala la haki ya watu kuitunza kazi ya akili baada ya mwenye duka kufunga mlango, na mna suala la jina la visiwa hivi katika kandanda, ambalo uchungu wake kila mkaazi wa Unguja na Pemba anaujua.

Mchezo tunaoukusudia huitwa YSoccer, na hapo awali uliitwa Yoda Soccer. Hutolewa bure, na umetengenezwa na wapenzi wa mchezo mwengine mkongwe waliokataa kuuacha ufe. Ili tuelewane, hatuna budi kuanza na huo mkongwe.

Mwaka 1992 kampuni ndogo ya Kiingereza iliyoitwa Sensible Software, iliyoanzishwa na vijana wawili, Jon Hare na Chris Yates, katika jimbo la Essex mwaka 1986, ilitoa mchezo ulioitwa Sensible Soccer kwa ajili ya kompyuta za Amiga na Atari ST. Kabla yake, mwaka 1989, palikuwapo mchezo wa Kick Off, kazi ya Dino Dini, ambao ulivunja mazoea kwa kuufanya mpira usigande mguuni mwa mchezaji. Ulikuwa mchezo mkali, wa kasi ya kutia kizunguzungu, na aliyeshindwa kuuzoea aliuchukia. Vijana wa Essex walijifunza humo, kisha wakafanya jambo la busara: waliinyanyua kamera juu kabisa, wachezaji wakawa wadogo kama sisimizi, na mwenye kucheza akaweza kuona nafasi ilipo kama anavyoona mtu aliyekaa jukwaa la juu. Mpira hufuatana na mguu, lakini ukigeuka kwa pupa hukuponyoka.

Chombo cha kuchezea kilikuwa kijiti chenye kitufe kimoja tu. Gusa kitufe kidogo, mpira huenda kwa mwenzio; kibonyeze zaidi, ni shuti. Na siri ya mchezo wote ilikuwa hapa: mpira ukishatoka mguuni, ukikivuta kijiti upande au nyuma kwa muda mfupi sana, mpira hupinda au huinuka. Hilo ndilo lililowafanya watu wazima wakeshe. Mtoto wa miaka saba angeweza kuanza kucheza kwa dakika moja, na mtu wa miaka thelathini akaendelea kujifunza kupindisha mpira kwa muongo mzima. Wachezaji, japo wadogo vile, walionyeshwa kwa rangi mbalimbali za ngozi na nywele, jambo ambalo michezo mingi ya zama zile haikujisumbua nalo.

Mwishoni mwa mwaka 1994 ikatoka Sensible World of Soccer, na hapo ndipo kazi ikawa kubwa kupita kiasi. Ndani ya diski mbili ziliwekwa timu zipatazo 1,500 na wachezaji wapatao 27,000, kila mmoja na uwezo wake wa kupasi, kupiga shuti, kupiga kichwa, kunyang'anya mpira, kuumiliki, kukimbia na kumalizia. Meneja aliweza kuongoza timu kwa misimu 20. Viwanja vilibadilika kwa hali ya hewa: tope, ukavu, hata barafu, ambayo Amaan wala Gombani haijapata kuonekana ila katika vikombe vya sharubati. Mwaka 2007 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na msimamizi wa makusanyo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilipotaja michezo kumi ya kompyuta inayostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya historia, mchezo huu ulikuwa mmojawapo, na ndio pekee wa spoti katika hiyo kumi.

Lakini sifa haikuulinda. Commodore, watengenezaji wa Amiga, walifilisika Aprili 1994, yaani hata kabla mchezo haujafika madukani. Sensible Software nayo iliuzwa kwa kampuni ya Codemasters mwaka 1999. Mashine zikachakaa, na diski za sumaku hazidumu. Waliobaki na mapenzi ni wachezaji tu, nao hawakukaa kimya. Wapo waliokuwa wakibadilisha majina ya wachezaji msimu baada ya msimu ili mchezo wa 1994 uwe na timu za leo. Na wapo waliofanya kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuandika mchezo mpya kutoka mstari wa kwanza.

YSoccer ni matunda ya njia hiyo ya pili. Kamera yake iko juu kama zamani, sisimizi wake wanakimbia kama zamani, na mpira unapindika baada ya kupigwa. Hatudai kuwa umemshinda mzazi wake. Hutengenezwa kwa saa za mapumziko na mtu asiyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na hilo mara nyengine huonekana. Lakini unakwenda katika kompyuta za kawaida za leo, na haumdai mtu senti.

Wapo watakaouliza kama huu si wizi. Swali ni la haki na linataka jibu lililo wazi. Sheria ya hakimiliki hulinda maandishi ya programu, picha, muziki na mfano wa hayo. Fikra ya kuutazama uwanja kutoka juu na kupiga mpira kwa kitufe kimoja hailindwi, kama vile hakuna anayeweza kudai peke yake fikra ya ngoma ya harusi. Ndiyo maana mchezo huu una jina lake na msimbo wake. Nao msimbo huo umewekwa hadharani chini ya leseni ya programu huria: kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, kwa sharti kwamba akiugawa baada ya kuubadilisha, naye awaachie wenziwe haki ile ile aliyoachiwa yeye.

Tulinganishe na hali ya michezo mikubwa ya kandanda inayouzwa duniani. Kila mwaka hutolewa mpya, na wa zamani baada ya miaka michache hufungiwa mitambo yake ya mtandao. Hata jina FIFA, lililokaa juu ya mchezo wa kampuni ya Electronic Arts tangu mwaka 1993, liliondoshwa mwaka 2023 baada ya pande mbili kushindwa kuafikiana. Humo ndani, nani awemo na nani asiwemo ni suala la mikataba. Mnunuzi hana kauli.

Na hapa ndipo tunapofika nyumbani. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Machi 2017 tulikubaliwa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Soka la Afrika, watu wakasherehekea, na Julai mwaka ule ule uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba sisi si nchi iliyo peke yake. Desemba ya mwaka huo huo timu yetu ilifika fainali ya CECAFA huko Machakos na kushindwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti tu. Hatuyasemi haya kwa ajili ya kufufua ugomvi. Wahusika wanayajua kuliko sisi. Tunachosema ni kwamba kijana wa Michenzani au wa Wete anayekaa mbele ya kioo kutafuta timu yake asiione, huwa amefundishwa jambo fulani juu ya nafsi yake bila mwalimu kufungua kinywa.

Katika mchezo wa bure, timu ni faili la maandishi. Lina jina la timu, mji, uwanja, rangi za jezi, na orodha ya wachezaji na uwezo wao. Mtu yeyote anayejua kusoma na kuandika anaweza kulifungua na kuandika jipya, na hapana ofisi ya Zurich inayopaswa kuombwa kibali.

Kwa hivyo tuna maneno mawili kwa wakubwa wetu serikalini. La kwanza ni kwa wanaosimamia elimu: zipo skuli zenye kompyuta, na mara kwa mara tunasikia walimu wakilalamika kwamba somo la kompyuta limekuwa la kufungua na kufunga barua. Msimbo huu uko wazi. Mwanafunzi aliyechoka na mifano ya kuhesabu machungwa ataisoma kwa hiari yake mistari inayoeleza kwa nini mpira hupinda. Gharama ni muda wa mwalimu, na tunakubali kwamba muda huo nao si bure.

La pili ni kwa wanaosimamia michezo. Mwaka 1995 timu ya visiwa hivi ilikwenda Uganda na kurudi na Kombe la CECAFA. Tungependa kikosi kile kiwe timu ya kwanza kuandikwa katika faili hilo. Kinachotakiwa ni majina kamili ya wachezaji, yaliyoandikwa kwa tahajia zao sahihi, nafasi walizocheza, namba walizovaa na rangi ya jezi siku ya fainali. Kama kumbukumbu hizo zimo katika kabati la afisi yoyote, tunaomba zitolewe. Na kama hazimo, wapo wachezaji wenyewe wa kuulizwa.