Kompyuta za Madrasa na "Windows Original": Vipi Tutajua Ufunguo wa Leseni ni wa Kweli na Haujatumika?

 

Limetufikia swali la mzazi mmoja wa Unguja. Wazazi wa madrasa yao walichangishana, wakanunua kompyuta tatu za kusomeshea watoto. Fedha walimkabidhi kijana wao anayeishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, ambaye ni fundi. Kijana akazinunua zikiwa zimetumika, akazitengeneza, akazituma kwa boti. Kwenye hesabu yake aliandika shilingi 60,000 kwa kila kompyuta kuwa ni bei ya "Windows original". Baada ya miezi sita zote tatu, ndani ya juma moja, zikaanza kuandika kwenye kioo kwamba leseni haijaamilishwa. Alipoulizwa, kijana akakiri kwamba funguo alizinunua kwenye kundi la WhatsApp kwa shilingi 10,000 kila mmoja, akatumiwa pamoja nazo kiprogramu kidogo cha "kumalizia kazi", na muuzaji sasa hapatikani kwenye simu. Mzazi anauliza nani alipe, na vipi wangeweza kujua mapema.

Tuanze na la pili, kwa sababu hukumu ya kwanza inasimama juu yake.

Ufunguo wa Windows ni herufi na tarakimu 25, zimepangwa mafungu matano ya tano tano. Watu wengi huufananisha na vocha ya simu ya kukwangua, na mfano huo unafaa kwa kiasi. Vocha ikishaingizwa na mwingine imekufa. Ufunguo sivyo moja kwa moja, kwani upo wa aina tatu. Wa kwanza ni wa rejareja, unaouzwa kwa mtu binafsi. Huu unaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lakini usikae kwenye mbili kwa wakati mmoja. Wa pili ni wa kiwandani, umefungamana na kompyuta iliyokuja nao na hauhami. Wa tatu ni wa taasisi kubwa, kama chuo au benki, ambao mmoja huamilisha mashine nyingi. Sehemu kubwa ya udanganyifu hutoka kwenye hii ya tatu: ufunguo wa taasisi fulani huvuja, kisha huuzwa kwa watu mia kana kwamba kila mmoja kapata wake.

Na hapa ndipo miezi sita ya madrasa inapopata maelezo. Taasisi kubwa huweza kuwa na kompyuta yao ndani inayotoa idhini kwa nyingine zote, na idhini hiyo hudumu siku 180 tu isipopata kuhuishwa. Kile kiprogramu cha kumalizia kazi huigiza kompyuta hiyo ya taasisi. Siku 180 zikipita bila kuhuishwa, pazia linaanguka. Kwa hiyo hazikuharibika kwa bahati mbaya. Tangu siku ya kwanza hazikuwa na leseni. Tuongeze kwamba viprogramu hivi mara nyingi humtaka mtu azime kinga ya virusi kwanza. Anayekwambia ufungue mlango na ulale, hujui kaingia na nani.

Kulijua hili kunahitaji dakika mbili. Fungua kisanduku cha amri cha Windows, andika slmgr /xpr kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Ikijibu kwamba mashine imeamilishwa daima, ni dalili njema. Ikitaja tarehe ya mwisho, na kompyuta si mali ya chuo wala kampuni, basi simama hapo hapo. Kisha andika slmgr /dli uone aina ya leseni: RETAIL ni ya rejareja, OEM ni ya kiwandani, VOLUME ni ya taasisi. Madrasa ya mtaani ikikuta VOLUME bila ya karatasi yoyote ya ununuzi, haihitaji ushahidi mwingine.

Ama kujua kama ufunguo haujatumika, hili wengi wanadanganywa. Hakuna ukurasa wa hadhara unaoandika ufunguo ukaambiwa umetumika au bado. Anayejua ni mwenye programu, na hujibu pale unapojaribu kuuamilisha. Akikupeleka mtu kwenye tovuti ya "kukagua funguo", au akikwambia umtumie picha ya ufunguo akuangalizie, ujue kwamba ukishampa ameupata yeye, na anaweza kuutumia kabla yako. Jibu la kuamilisha ndilo la kuangalia. Namba 0xC004F050 maana yake ufunguo si sahihi, 0xC004C003 umezuiwa, 0xC004C008 umeshatumika kwenye kompyuta nyingi kuliko idadi iliyoruhusiwa. Ikiwa ni kadi au stika yenye sehemu ya kukwangua, iangalie kabla ya kutoa fedha: iliyokwisha kukwanguliwa usiipokee, hata muuzaji akiapa.

Hapa fiqhi inatusaidia kwa namna ambayo wafanyabiashara wengi wameisahau. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (radhiya Allaahu 'anhu), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amebainisha kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, na kwamba baraka ya biashara yao imo katika kusema kweli na kubainisha. Basi uamilishe ufunguo mkiwa bado mmekaa, intaneti ikiwa wazi, na muuzaji anaona kioo. Ukikataa, fedha yako irudi kabla hamjanyanyuka. Hiari ya kikao haikuwekwa bure.

Ikiwa mmeshaachana na aibu ikaonekana baadaye, ipo hiari ya aibu. Katika madh-hab ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wa visiwani, anayegundua aibu anatakiwa arudishe mara tu anapojua, asikae nayo wiki kisha aje kudai. Na ile karatasi ya dukani iliyoandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi" haimwokoi aliyeficha aibu ya bidhaa yake. Tunakumbuka kisa cha Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye nacho kwa kutouweka juu watu wauone.

Je, programu ni mali kweli, hata kuivunja iwe dhulma? Wapo wanachuoni waliolegeza kwa mtu anayejinufaisha mwenyewe kwa kujisomea tu. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Disemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya kifedha, zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivunja. Hilo ndilo tunalolitegemea. Sheria za nchi nazo ziko hivyo: Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na Zanzibar kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2003. Na kwa suala letu hata khilafu haina nafasi, kwani hapa mtu alitozwa bei ya halali akapewa kisicho halali.

Sasa, nani alipe? Kijana alikuwa wakala, na wakala ni mwaminiwa. Angelinunua kwa bei ya kawaida, kwa muuzaji anayejulikana, akapewa risiti, kisha akadanganywa, asingelipa chochote. Dhima ingekuwa ya muuzaji. Lakini huyu amepokea 60,000 na kutoa 10,000. Shilingi 50,000 kwa kila kompyuta, yaani 150,000 kwa zote, ni mali ya madrasa iliyobaki mkononi mwake, na lazima airudishe, alijua au hakujua. Kama ni ujira wa ufundi, ilimpasa auseme na wazazi waukubali. Ama zile 30,000 zilizokwenda kwa muuzaji, tunaona naye azidhamini, kwa sababu fundi hawezi kusema hakushtuka na bei ile wala na kiprogramu kile. Huko ni kufanya uzembe katika amana. Akimpata muuzaji amdai yeye.

Wazazi nao tunawaomba wasimtangaze kijana kwenye makundi ya simu. Wamwite, wamsikilize, wampe muda ikiwa hana. Na masomo waliyosoma watoto kwa miezi hiyo hayana dosari.

Zimebaki kompyuta zenyewe. Kabla ya kununua ufunguo mwingine, kaangalieni kama zina leseni ya kiwandani. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu wakati wa Windows 8, mwaka 2012, na kuuzwa na Windows, zina ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya bodi. Fundi akisakinisha upya toleo lile lile lililokuja nayo, iwe Home au Pro, huamilika yenyewe ikipata intaneti. Huenda basi madrasa ilikuwa na leseni halali muda wote, ikafutwa na kuwekwa ya bandia kwa pesa.

Ikiwa hazina, kuna programu za bure ambazo wenyewe wameruhusu zitumike na kunakiliwa: Linux Mint au Ubuntu badala ya Windows, na LibreOffice kwa kuandika na mahesabu. Si mambo mageni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kwa watoto wanaojifunza kuchapa na kusikiliza tajwidi, hizo zinatosha.

Wallaahu A'lam.